Amplifaya ya Hedifoni Imegoma: Namna ya Kuusaka Ubovu Kabla ya Kushika Bisibisi

Amplifaya nzuri ya hedifoni ina tabia moja ya kuudhi: ikiharibika, mara nyingi haifi kabisa. Upande mmoja unafifia, au inavuma kidogo usiku kukiwa kimya, au sauti inakatakata ukigusa nobu, kisha siku unayompelekea fundi inacheza kana kwamba haina neno. Hapo ndipo wengi hurukia bisibisi. Nami nimewahi kurukia. Nilimaliza jioni mbili boksi likiwa wazi, nikalehemu upya viungo kumi na ushee ambavyo havikuwa na kosa lolote, kumbe waya ulikuwa umekatika ndani ya kebo ya hedifoni, sentimita mbili kutoka kwenye plagi.

Tangu hapo nafuata utaratibu ulioandikwa hapa chini, na zaidi ya nusu yake hauhitaji kulegeza skrubu hata moja. Kila hatua inarudia swali lilelile: nikihamisha kitu hiki, tatizo linahama nacho au linabaki lilipo?

Vya kuwa navyo

Multimita ya kawaida inatosha. Ongeza hedifoni ya bei rahisi ambayo hata ikiungua hutalia, plagi tupu ya milimita 6.35, rezista (vipande vinavyopinga mkondo) mbili za omu 33 zenye uwezo wa wati 5, na simu yenye programu ya kutoa mlio wa majaribio. Ossiloskopu, kifaa kinachochora umbo la mawimbi ya umeme, ni neema ukiwa nayo, lakini kazi nyingi humalizika bila hiyo.

Hatua ya 1: Weka hedifoni yako nzuri mbali

Hii hatua watu huiruka, na ndiyo inayogharimu. Amplifaya yenye transista au saketi jumuishi huendeshwa na umeme wa DC (usiogeuka mwelekeo) wa pande mbili, chanya na hasi, mara nyingi karibu volti 15 kila upande. Transista ya mwisho ikipiga shoti, volti hizo zote huenda moja kwa moja kwenye hedifoni. Volti 15 kwenye koili ya omu 32 ni wati 7, na hedifoni nyingi hazikutengenezwa kubeba hata wati moja. Koili inaungua kabla hujaivua kichwani. Kwa hiyo mpaka umalize kupima DC katika hatua ya 4, sikiliza kwa ile ya bei rahisi tu, na usiivae: ishike mkononi karibu na sikio.

Hatua ya 2: Ondoa mambo ya aibu kwanza

Hakikisha kitufe cha kuchagua ingizo kiko kwenye chanzo unachokitumia, kitufe cha kunyamazisha hakijabonyezwa, na swichi ya kuchagua tokeo haijapelekwa upande wa spika. Sukuma plagi ya hedifoni hadi mwisho. Plagi iliyoingia nusu hutoa sauti ya upande mmoja, au sauti ya ajabu ambayo mwimbaji ametoweka na ala zimebaki, kwa sababu njia ya ethi (ile ya pamoja ya kurudishia umeme) haijagusana. Kama amplifaya ina kigeuzi cha dijitali ndani yake, jaribu pia ingizo la analogi. Tatizo likiwepo kwa USB tu, acha kuilaumu amplifaya na uanze na kompyuta, kebo na dereva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa).

Hatua ya 3: Hamisha pande

Tuseme upande wa kushoto uko chini. Anza kwa kuigeuza hedifoni kichwani, kushoto iwe kulia. Kama bado ni sikio lilelile la kushoto linalosikia hafifu, tatizo si la umeme. Usicheke, nta ya sikio imewapeleka watu wengi kwa mafundi wa redio.

Ikiwa ufifi umehamia sikio la pili, chomeka hedifoni nyingine. Ikicheza vizuri pande zote mbili, ubovu uko kwenye hedifoni ya kwanza au kebo yake. Ishike kebo karibu na plagi na karibu na kikombe, uikunjekunje taratibu muziki ukiwa unacheza. Sehemu inayokatakata itajisema yenyewe.

Hedifoni zote mbili zikionyesha ubovu uleule, zima amplifaya uende nyuma yake. Badilishana plagi mbili za ingizo, ya kushoto iingie kulia na ya kulia iingie kushoto, kwenye upande wa amplifaya peke yake. Washa usikilize. Kama ubovu umebaki kushoto, amplifaya ndiyo mgonjwa. Kama umehamia kulia, amplifaya haina hatia: rudisha plagi zilivyokuwa, kisha badilishana kwenye upande wa chanzo. Hapo ubovu ukihama, ni chanzo. Usipohama, ni kebo.

Mabadilishano mawili, dakika tano, nawe umeshajua ni kifaa kipi kati ya vitatu. Andika majibu kwenye karatasi. Baada ya mara ya tatu ya kuzima na kuwasha, kichwa huanza kuchanganya kushoto na kulia.

Hatua ya 4: Pima DC kwenye tokeo

Unganisha rezista zako kwenye plagi tupu: moja kati ya ncha na shina, nyingine kati ya pete ya katikati na shina. Ncha ni upande wa kushoto, pete ni upande wa kulia, na shina ni ethi ya sauti. Kwa amplifaya ya valvu (taa za kioo za kukuza sauti, kama za redio za zamani) isiyo na transfoma ya tokeo tumia omu 300, kwa kuwa omu 33 ni mzigo mzito mno kwake. Chomoa chanzo, shusha volyumu hadi mwisho, chomeka plagi, washa, na uache ipate joto kwa dakika kumi. Kisha weka multimita kwenye milivolti za DC, upime kila upande.

Chini ya milivolti 10 ni safi. Kati ya 10 na 50 hedifoni nyingi zitavumilia, ingawa kifaa cha bei kubwa hakipaswi kufika huko, na zile nyeti zenye omu chache ndizo za kuhurumia zaidi. Ukiona zaidi ya 100, usichomeke hedifoni unayoipenda. Volti kadhaa zikionekana, sehemu ya mwisho imeungua au upande mmoja wa umeme wa ndani umepotea. Zima papo hapo.

Unganisha chanzo bila kucheza muziki, uzungushe volyumu polepole ukitazama multimita. Namba ikipanda pamoja na nobu wakati chanzo kimeunganishwa tu, chanzo chenyewe ndicho kinachovujisha DC. Ni ugunduzi mzuri, maana amplifaya zenye njia ya moja kwa moja, zisizo na kapasita (kipande kinachotunza chaji na kuzuia DC) kati ya ingizo na tokeo, hukuza hata hiyo DC zinayoletewa.

Kwa tokeo la balansi lenye pini nne hakuna shina la ethi ya pamoja: pini ya 1 na ya 2 ni za kushoto, ya 3 na ya 4 ni za kulia. Pima kati ya 1 na 2, kisha 3 na 4. Na kamwe usitumie adapta ya kutoka pini nne kwenda plagi ya kawaida ya pini tatu. Adapta hiyo inaunganisha hasi ya kushoto na hasi ya kulia, ambazo zote zinaendeshwa na amplifaya, yaani umeipiga shoti kwa mkono wako. Kosa hilohilo hufanywa na klipu ya ethi ya ossiloskopu ikibanwa kwenye pini ya hasi. Amplifaya kadhaa nilizoletewa zikiwa "zimekufa zenyewe" zilikufa kwa adapta.

Hatua ya 5: Kuvuma, kunguruma na kufoka

Kwanza sikiliza bila hedifoni. Kama mvumo unatoka kwenye boksi lenyewe, ni transfoma inayotetemeka. Inaudhi lakini haiharibu sauti. Kaza boliti yake kidogo, au angalia kama kifaa kingine kizito kwenye laini ileile ya umeme ndicho kinachoivuruga.

Mvumo ukiwa ndani ya hedifoni, chomoa kebo zote za ingizo. Ukikoma, una mzunguko wa ethi: amplifaya na chanzo vyote vimefungwa kwenye ethi ya ukuta, na mkondo mdogo unazunguka kupitia kebo ya sauti. Dalili yake ni sauti nzito ya hezi 50, au 60 kwenye nchi zinazotumia kiwango hicho. Chomeka vifaa vyote kwenye ubao mmoja wa soketi, na kama chanzo ni kompyuta ya mapajani, chomoa chaja uone. Njia moja ipo ambayo watu huisifu nami naikataa: kukata pini ya ethi kwenye plagi ya umeme. Mvumo utakoma, na siku transfoma ikivuja, kasha la chuma litakuwa na umeme wa ukutani nawe umeligusa.

Mvumo ukibaki hata bila ingizo lolote, na ukiwa mkali zaidi, wenye mkwaruzo wa hezi 100 au 120, hilo ni ripo lisilochujwa, yaani mawimbi yanayobaki baada ya rekitifaya kugeuza umeme wa ukutani kuwa DC. Kapasita kubwa za umeme zimechoka. Tutazikuta ndani.

Kufoka kwa "shiii" ni jambo jingine. Amplifaya yenye nguvu ikiendesha vipokezi vidogo vya masikioni lazima ifoke kidogo. Shusha swichi ya kukuza (gain) hadi ya chini kabla ya kusema ni mbovu. Lakini kufoka kwa upande mmoja tu, au kunakoambatana na vimlio vya patapata kama mafuta ya moto, si kawaida. Kwenye transista ni kipande kinachokufa, kwenye valvu soma hatua ya 7.

Hatua ya 6: Nobu ya volyumu

Mkwaruzo unapozungusha ni vumbi na kutu kwenye njia ya ndani ya nobu. Ukiwa umezima, izungushe mwanzo hadi mwisho mara thelathini hivi. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha. Lisipotosha, dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya nobu, ndiyo itumike, tone dogo. Mafuta ya kulainisha kufuli hayafai hata kidogo.

Mkwaruzo ukirudi baada ya wiki, acha kuilaumu nobu. Ukifika hatua ya 9, boksi likiwa wazi, pima DC kwenye miguu yake. Ikiwepo, kuna kapasita ya njiani inayovujisha, na utasafisha nobu maisha yako yote bila faida.

Kuhusu upande mmoja kuwa chini volyumu ikiwa karibu na sifuri, kisha pande kulingana ukipandisha: hiyo ni tabia ya nobu za analogi, hata za bei kubwa, kwa sababu njia mbili za ndani hazilingani kabisa mwanzoni. Tumia swichi ya kukuza ya chini ili upate kuzungusha zaidi.

Hatua ya 7: Kama ni ya valvu

Zima, subiri robo saa ipoe, kisha badilishana valvu za kushoto na kulia zilizo za aina moja. Ubovu ukihama, umeshampata mbaya wako. Angalia kwanza mpangilio wa amplifaya yako, maana wakati mwingine valvu moja yenye trayodi mbili (sehemu mbili za kukuza) ndani yake huhudumia pande zote, na kubadilishana hapo hakukuambii kitu. Nyuzi ndani zisipowaka wekundu, valvu imekatika au haipati umeme wake wa joto. Valvu inayolia kengele ukigonga kasha kwa penseli ina nyuzi zilizolegea. Ihamishie mahali pasipo na mtetemo au uistaafishe. Futa pini kwa spiriti ya isopropili kabla ya kununua chochote. Nimeona valvu "zilizokufa" zikifufuka kwa pamba yenye spiriti.

Hatua ya 8: Sikiliza rilei

Amplifaya nyingi za daraja la juu hukata tokeo kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) hadi umeme utulie. Unapowasha unasikia "tik" baada ya sekunde chache. Kwa valvu huenda ikafika dakika nzima. Isipolia kabisa, ama rilei haipati umeme, ama saketi ya ulinzi imeona DC na inakataa kukuunganisha. Ikilia, ikaachia, ikalia tena, karibu kila mara ni DC. Usiizibe rilei kwa waya ili "ipige tu". Inafanya kazi uliyoilipia.

Kuna ubovu wa rilei unaowadanganya hata mafundi: upande mmoja umepotea au unakwaruza kwa sauti ndogo, ukipandisha volyumu ghafla unarudi na kubaki mzima siku nzima. Hiyo ni kutu juu ya vidole vya rilei, ambayo volti ndogo haiwezi kuipenya lakini volti kubwa inaipasua. Kuthibitisha, boksi likiwa wazi kwa tahadhari za hatua ya 9, cheza mlio wa hezi 100, chini kiasi, rezista zikiwa zimechomekwa, upime volti za AC (umeme unaogeuka mwelekeo, kama wa sauti) kati ya mguu wa kuingia na wa kutoka wa rilei. Nzima itaonyesha karibu sifuri. Yenye kutu itaonyesha sehemu kubwa ya sauti yako imekwama hapo. Nimesema hezi 100 kwa makusudi: multimita za bei rahisi husoma AC vibaya zikipita hezi mia chache. Dawa ni rilei mpya ya aina ileile. Kukwangua kwa msasa kunatoboa mchovyo wa dhahabu au fedha, na kutu hurudi haraka kuliko mwanzo.

Hatua ya 9: Sasa fungua

Kama kuna dhamana, simama hapa uirudishe. Kama ni amplifaya ya hedifoni za kielektrostatiki, simama pia: bayasi yake (volti ya kudumu inayopelekwa kwenye hedifoni) ya kawaida ni volti 580, na si mahali pa kujifunzia. Za valvu hubeba volti mia kadhaa pia, na kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi. Kwa hizo, zimua, yaani toa chaji ya, kila kapasita kubwa kupitia rezista ya kiloomu 10 ya wati 10 yenye waya uliofunikwa vizuri, kisha pima volti uhakikishe. Bisibisi si chombo cha kuzimua. Ukipima kifaa kikiwa na umeme, tumia mkono mmoja, mwingine uwe mfukoni.

Anza kwa macho na pua. Kapasita iliyovimba kichwa, rezista iliyobabuka, ubao uliogeuka kahawia, harufu ya kuungua. Amplifaya za daraja A, ambazo transista zake hupitisha mkondo hata kukiwa kimya, hukaa na joto muda wote, na kanuni ya kapasita za elektroliti ni kwamba kila nyuzi joto 10 zikishuka, maisha yake huongezeka maradufu. Kapasita ya saa 2000 kwa nyuzi 105 itafika kama saa 32,000 kwa nyuzi 65. Ukisikiliza saa nane kila siku, ni miaka kumi na moja hivi. Kwa hiyo amplifaya ya miaka kumi na tano inayovuma haikuonewa.

Fyuzi ikiwa imekatika, weka ya namba ileile na herufi ileile. T ni ya taratibu, F ni ya haraka, na transfoma ya duara huvuta mkondo mwingi inapowashwa kiasi cha kuikata F bila kosa. Usiongeze ukubwa. Mpya ikikatika papo hapo, kuna shoti kwenye rekitifaya au transista. Mafundi hapa hutumia balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 40 hadi 60, ikiwa imeungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto: ikiwaka kidogo kisha ikafifia, hali ni njema, ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti ipo na balbu imekuokolea vipande. Balbu ya LED haifanyi kazi hiyo.

Fyuzi nzima? Pima umeme wa ndani: chanya na hasi, kila mmoja dhidi ya ethi. Zinatakiwa kulingana. Ikiwa chanya ni 15 na hasi ni 3, umepata chanzo cha DC yako, na regyuleta (kipande kinachotuliza volti) au kapasita ya upande wa hasi ndiyo ya kutazamwa kabla ya kugusa kitu kingine.

Umeme ukiwa mzuri, mchoro hauna, na upande mmoja ni mbovu, una kitu bora kuliko mchoro: upande mzima. Pande mbili za stirio ni pacha. Pima volti kwenye mguu wa transista ya kulia, kisha kwenye ndugu yake wa kushoto, ukiandika zote mbili. Nenda kutoka ingizo hadi tokeo. Mahali namba zinapoachana mara ya kwanza, ubovu uko hapo au hatua moja nyuma. Nimetengeneza vifaa ambavyo sikuwahi kuona mchoro wake kwa njia hii tu.

Ubovu unaotokea kikipata joto pekee, uite: puliza kikausha nywele eneo moja kwa wakati, au kinyume chake, nyunyizia dawa ya kupoza kipande kimojakimoja. Ubovu unaokuja ukigusa, gonga ubao taratibu kwa kijiti cha mbao. Lehemu iliyoachia huonekana kama duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, hasa chini ya soketi za hedifoni, ambazo huvutwa kila siku, na chini ya vipande vizito vyenye joto. Iyeyushe kabisa na uongeze lehemu mpya kidogo. Kuipasha juujuu hakusaidii.

Vile vitrima vidogo vya bayasi (rezista za kuzungusha zinazopanga mkondo wa transista kukiwa kimya) visiguswe mpaka uwe na maelezo ya mtengenezaji na multimita mbele yako. Na transista ya mwisho ukiibadilisha, rudisha kipande cha kuhami kati yake na chuma cha kupozea, pamoja na grisi yake. Ukikisahau, utarudi kwenye fyuzi.

Hatua ya 10: Kabla ya kurudisha hedifoni nzuri

Washa kupitia ile balbu kwanza, kisha moja kwa moja. Acha amplifaya ifanye kazi saa mbili kwenye rezista, kifuniko kikiwa kimewekwa juu, kwa kuwa joto la boksi lililofungwa si sawa na la boksi lililo wazi. Pima DC mwanzoni, baada ya nusu saa, na mwishoni. Zima na uwashe mara tano ukitazama kama multimita inaruka sana wakati rilei inaunga na kuachia. Kisha hedifoni ya bei rahisi kwa jioni nzima. Kesho yake, ikiwa imepoa kabisa usiku, washa upime mara moja zaidi ikiwa baridi, kabla ya kuchomeka ile nzuri.